Kupungua siyo ishu, ishu ni kubaki hapo

Nimepungua uzito mara tatu. Mara mbili za kwanza nilishuka fasta, ile ya pili kilo 11 ndani ya miezi miwili kwa juisi na matango, mwaka haujaisha zikarudi zote na nyingine mbili juu. Hii ya tatu nilitoka 94 nikafika 80 kwa mwaka na miezi kadhaa, na sasa huu mwaka wa nne niko hapohapo.

Kwanza usijilaumu. Ukipungua, mwili unahisi kama njaa imeingia nchini, homoni ya kukutia njaa inapanda, ile ya shibe inashuka, na mwili mdogo unachoma kalori chache kuliko ule mkubwa, siyo uvivu wako. Ndo maana kabla hujaanza kitu chochote jiulize, hiki nitakiweza mwezi wa sherehe, mwezi wa msiba, na mwezi sina hela? Kama hapana achana nacho. Zile chai za kukata tumbo nazo achana nazo, nyingi zina sanamaki, unaharisha maji yanatoka mafuta yanabaki palepale. Na kama una mimba au unatumia insulini au dawa za sukari, ongea na daktari wako kwanza.

Mimi nilianzia kwenye mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120 na sisi tunamimina tu toka kwenye dumu. Nikachukua chupa ya maji ya nusu lita, Jumapili nikaijaza mafuta, nikaichora mistari saba kwa maka peni, nikasema hii ndo ya wiki nzima kwa watu wanne. Wiki ya kwanza mafuta yaliisha Jumatano! Tukajifunza taratibu, kitunguu kinakaangwa kwa vijiko viwili, kikianza kushika chini unatia maji kidogo, afu nyanya unafunika ziive kwa maji yake zenyewe, na maharage yanachemka na tui jepesi, tui zito kidogo tu mwishoni yapate harufu. Baada ya kama miezi miwili chupa ikawa inafika Jumamosi na hakuna aliyelalamika.

Sukari nayo, nilikuwa naweka vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku. WHO, lile Shirika la Afya Duniani, wanasema ikiwezekana isizidi kama gramu 25 kwa siku, yaani vijiko sita vya chai, na kola moja ya mililita 330 peke yake ina kama 35. Punguza nusu kijiko kila wiki mbili, ongeza iliki na tangawizi, ulimi utazoea.

Ugali usiuache, utaumiss tu uurudie kwa hasira. Nusu sahani mboga za majani, robo samaki au maharage, robo ugali. Kama mnakula sinia moja jipakulie pembeni, kwenye sinia huwezi kujua umekula kiasi gani.

Kutembea ni lazima. Marekani kuna daftari la utafiti lilianza 1994, linafuatilia watu waliopungua angalau kilo 13 hivi wakakaa mwaka au zaidi bila kuzirudisha, na wengi wao wanafanya mazoezi kama saa moja kwa siku, sana sana kutembea, na wanajipima kila wiki. Mimi nashuka daladala vituo viwili kabla, kwenda na kurudi.

Halafu watu. Shangazi yangu aliniangalia akaniuliza, "Mwanangu umekonda, unaumwa?" Usibishane. "Hapana shangazi, nimepima niko salama," afu pokea sahani yake, kula kidogo, mshukuru.

Mzani tumia uleule, Jumamosi asubuhi kabla ya chai. Kilo moja ikipanda inaweza kuwa maji tu, usipaniki. Mpaka wangu ni 82, nikiugusa wiki mbili mfululizo naitoa ile chupa kabatini, naichora mistari upya.