Kupika utando wa Nafion ndani ya kompyuta

Kabla ya kugusa programu, shika kikokotoo. Kosa langu la kwanza lilikuwa la maji.

Natumia GROMACS, programu ya kuiga mwendo wa molekuli. Chukua minyororo 40 ya Nafion, plastiki inayopitisha protoni, kila mmoja na salfoneti 10 (vikundi vyenye chaji hasi): hizo ni chaji hasi 400. Kila moja ipe haidroniamu yake, ioni yenye chaji chanya, la sivyo chaji za kisanduku cha molekuli hazisawaziki. Sasa maji. Utando uliokaa kwenye mvuke uliojaa hubeba molekuli kama 14 kwa kila salfoneti, nami nikamwaga 5,600 bila wasiwasi. Kumbe haidroniamu nayo ni maji yaliyobeba protoni, inahesabiwa humo humo! Zinabaki 5,200. Wiki nzima ya kompyuta ikapotea hivi hivi.

Polima, yaani hiyo minyororo, ni nzito kama ugali. Usipoipasha moto, mifereji ya maji haijiundi vizuri. Panda hadi kelvini 600, shuka hadi 353, rudia mpaka msongamano utulie. Hatua ziwe za femtosekunde 1.

Halafu endesha makumi ya nanosekunde, chora wastani wa mraba wa umbali ambao haidroniamu zimesogea dhidi ya muda, na mwinamo ugawe kwa 6 upate kipimo cha usambaaji wake. Pima penye mstari ulionyooka tu. Mwanzoni ioni inatikisika pale pale ilipo.

Protoni zako zitakwenda polepole kuliko za maabara. Modeli hii haivunji vifungo, hivyo protoni imekwama ndani ya haidroniamu yake kama abiria wa daladala. Kwenye utando halisi hushuka na kurukia gari la jirani.