Kupanga gati la kina kirefu penye vimbunga: anza na sakafu

Wengi huanza na urefu wa gati na ukubwa wa meli. Penye vimbunga mimi huanza na maji, maana ndiyo yanayoamua sakafu ya gati, yaani jukwaa lililo juu ya nguzo, ikae kimo gani. Mfano wetu ni Beira, Msumbiji.

Hatua ya 1: Soma majira ya maji. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita siku nyingine, tofauti ya kupwa na kujaa Beira huzidi mita 6. Kimbunga Idai kilitua karibu na mji usiku wa kuamkia Machi 15, 2019, mwezi ukiwa robo ya kwanza, yaani maji mafu, tofauti ya kupwa na kujaa ikiwa ndogo. Kingechelewa wiki moja tu kingekuta bamvua. Kwa hiyo alama ya maji iliyobaki ukutani baada ya kimbunga kilichopita usiifanye kikomo chako.

Hatua ya 2: Jumlisha. Kanieneo ya hewa ikishuka hektopaskali 1, bahari huinuka kama sentimita 1. Kinachoinua maji zaidi ni upepo unaoyasukuma juu ya bahari ya kina kifupi, na mbele ya Beira ndivyo ilivyo. Kwa namba za kufundishia: bamvua mita 6.5 juu ya sifuri ya chati (usawa wa maji ya chini ambao ramani za bahari hupimia kina), maji yanayoinuliwa na kimbunga 2, kupanda kwa bahari 0.5, kilele cha wimbi 1. Jumla ni mita 10, na hapo ndipo tumbo la sakafu, yaani upande wake wa chini, linapopaswa kuanzia. Ongeza unene wa mihimili, mita 1.5, unapata uso wa gati kwenye mita 11.5.

Sasa simama ukingoni maji yakiwa yamekupwa: meli ndogo iko chini kabisa, kamba zimesimama wima, fenda (mito ya mpira inayokinga meli na gati) haziigusi. Ndiyo maana mara nyingi tunashusha sakafu na kukubali ifunikwe mara chache.

Hatua ya 3: Ukiishusha, ifunge. Mawimbi ya kimbunga Katrina, 2005, yaling'oa vipande vya sakafu ya daraja la Biloxi Bay kule Mississippi, nguzo zikabaki. Zege ni zito, lakini maji na hewa iliyonaswa chini yake huinyanyua. Acha matundu ya kutolea hewa, nondo za nguzo ziingie ndani ya mihimili, na makabati ya umeme yawekwe juu.

Hatua ya 4: Kina. Hapa hesabu ni nyepesi: meli ambayo tumbo lake huingia mita 12 ndani ya maji, nafasi chini yake 1.2, akiba ya tope 0.8, chimba mita 14 chini ya sifuri ya chati. Mto Pungwe unaleta tope kila msimu, kwa hiyo bajeti ya kuchimba upya iwe ya kudumu. Pia weka mawe mguuni pa nguzo, mkondo usije ukazichimbua.

Hatua ya 5: Kreni. Mwaka 2003 kimbunga Maemi kiliangusha kreni kadhaa za makontena Busan, Korea Kusini. Pingu za kuzifungia zimwagwe pamoja na zege la gati, kila kreni ikiwa na sehemu yake ya kuegeshwa. Kutoboa baadaye ni ghali, na mara nyingi utakuta nondo ziko palepale unapotaka kutoboa.