Kabla Hujatia Sahihi: Namna ya Kuingia Utafiti wa Uchovu Usioisha Bila Kuumia Zaidi

Kwa miaka mingi kazi yangu hapa Kisumu ilikuwa kupiga hodi. Nilikuwa mfanyakazi wa nyanjani wa miradi ya utafiti: leo malaria, kesho kifua kikuu, mwaka unaofuata chanjo. Fomu za ridhaa nimezisoma kwa Kiswahili na kwa Dholuo hadi nikawa naziota usiku, na vidole gumba vya wazee nilivyovielekeza kwenye wino havihesabiki. Haya nayaandika kwa mtu aliyeugua korona au virusi vingine, akaambiwa amepona, lakini mwili ukagoma kurudi ulivyokuwa. Sasa ameitwa kwenye utafiti unaohusu hali hiyo, au anautafuta mwenyewe.

Ninalotaka ulishike ni hili: utafiti wa uchovu una bei yake, na bei hiyo hulipwa kesho yake na keshokutwa, ukiwa nyumbani kitandani, watafiti wakiwa wameshafunga mafaili yao. Mradi usioijua bei hiyo utakuumiza wewe na pia utapata majibu ya uongo.

Ila kabla hujafika huko, hakikisha huumwi kitu kingine. Huku kwetu kando ya ziwa, mtu akisema amechoka orodha huwa ndefu: malaria, upungufu wa damu, kifua kikuu, HIV, sukari, tezi ya shingo, selimundu. Kama nyumbani mnakunywa maziwa bila kuyachemsha, ongeza brusela. Shirika la Afya Duniani lilipoeleza korona ya muda mrefu, Oktoba 2021, lilisema kwa kawaida dalili ziwepo miezi 3 tangu maambukizi, ziwe zimedumu angalau miezi 2, na pasiwe na ugonjwa mwingine unaozieleza. Kwa uchovu sugu, ule madaktari wanaouandika ME/CFS, hungojewa miezi 6. Majibu ya vipimo vyako yaweke yote kwenye bahasha moja. Mradi makini utayauliza.

Kisha nunua daftari. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoona haya kana kwamba wanaandika malalamiko.

Shemeji yangu ni fundi cherehani pale Kibuye. Tangu alipougua korona mwaka 2021, kila daktari alimuuliza, "Unachoka?" Naye anajibu ndiyo, na daktari anatikisa kichwa, kwani nani hachoki Kisumu? Tukachora safu nne: nilichofanya, nimekaa au nimesimama kwa muda gani, nililalaje, hali yangu siku ya pili na ya tatu. Safu ya mwisho ndiyo iliyofichua mambo. Jumapili, siku ya soko, alishona sare za shule asubuhi nzima huku akicheka na wateja. Jumatatu akajikongoja. Jumanne mkono haukupanda kuchana nywele, koo likamkereketa kama homa inaanza, na mwenye kushona tangu usichana akashindwa kukumbuka kipimo cha kiuno alichotoka kukisoma sasa hivi. Jumapili iliyofuata, hadithi ile ile.

Kuanguka huko kunakochelewa, mara nyingi saa 12 hadi 48 baada ya shughuli, na kunakodumu siku au hata majuma, ndiko alama kuu ya uchovu sugu. Uchovu wa kazi hukupiga jioni, ukala, ukalala, ukaamka mzima. Daftari lilituonyesha pia mchawi ni nani: ile pedali ya kukanyaga. Tukaifungia mashine mota ndogo ya umeme, naye akaanza kulala chali kila amalizapo nguo moja, hata kama anajiona ana nguvu. Hajapona. Ila Jumanne zake si mbaya kama zamani, na akienda kliniki ana kitu cha kumwekea daktari mezani.

Kuna kipimo kimoja cha nyumbani cha kuongeza kwenye daftari hilo. Tafuta kale kamashine ka kidoleni kalikopata umaarufu wakati wa korona, au mashine ya presha yenye kuonyesha mapigo. Lala chali dakika 10, andika mapigo ya moyo. Simama, egemea ukuta kwa mabega, visigino sentimita 15 hivi kutoka ukutani, usizungumze wala kuchezesha miguu, mwenzako aandike mapigo kila dakika kwa dakika 10. Mwenzako huyo asiondoke. Ukiona kizunguzungu, keti mara moja. Kwa mtu mzima, mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi na kubaki huko juu, peleka karatasi hiyo kwa daktari. Huenda kusimama kwenyewe ndiko kunakokumaliza, na hilo lina matibabu yake ya kujaribu.

Atatokea mtu wa kukuambia kwamba haya ni magonjwa ya Wazungu au ya kichwani. Mwambie kuhusu mwaka 1955. Hospitali ya Royal Free, London, wafanyakazi 292 waliugua na baadhi hawakupona sawasawa. Mwaka huo huo wauguzi wa hospitali ya Addington, Durban, walipatwa na kitu kinachofanana nacho. Mwaka 1970 madaktari wawili wa akili walipitia mafaili ya Royal Free, bila kumpima mgonjwa hata mmoja, wakaandika kwamba ilikuwa taharuki ya wanawake. Maneno hayo yaliwatesa watu kwa miongo. Dubbo, Australia, wagonjwa 253 walifuatiliwa tangu siku za kwanza za maambukizi matatu tofauti, na matokeo ya mwaka 2006 yalionyesha kwamba baada ya miezi 6 karibu 11 katika kila 100 walikuwa na uchovu sugu. Aliyelemewa zaidi mwanzoni ndiye aliyekuwa hatarini zaidi. Na kule Liberia, utafiti uliochapishwa 2019 uliwalinganisha waliopona Ebola na watu wao wa karibu wasioambukizwa. Waliopona walikuwa na uchovu, maumivu ya misuli na kusahau kuliko wenzao. Sidhani Liberia ni Uzungu.

Haya, sasa umekaa mbele ya karani mwenye fomu. Usione aibu kuuliza. Niliyakaribisha maswali maana yalinipa nafasi ya kuketi.

Swali la kwanza: mnachaguaje watu? Vigezo vya Marekani vya uchovu sugu vya mwaka 1994 vilimruhusu mtu kuingia hata kama haanguki baada ya shughuli. Vile vya 2015 vinalidai hilo. Mradi unaomchukua yeyote "aliyechoka" utachanganya wenye huzuni, wenye upungufu wa damu na wewe ndani ya sufuria moja, na wastani utakaotoka hautamhusu mtu.

La pili: mtajuaje kwamba nimepata nafuu? Hapa pana kisa cha kukumbuka. Jaribio kubwa la Uingereza liitwalo PACE, lenye wagonjwa 641 wa uchovu sugu, lilitangaza mwaka 2011 kwamba mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua na ushauri wa kisaikolojia yanasaidia. Wagonjwa wenyewe wakachimba. Kwenye kipimo cha uwezo wa mwili cha alama 0 hadi 100, ambapo 100 ndiyo uwezo kamili, mtu alihesabiwa mgonjwa wa kuingia akiwa na alama 65 au chini yake. Ripoti ya kupona ilipotoka baadaye, alama 60 zilitosha kutimiza kigezo hicho. Yaani ungeweza kuingia na 65, ukatoka na 60, na kwa kipimo hicho ukaandikwa umepona! Mahakama ya rufaa za habari ikaamuru takwimu zitolewe mwaka 2016, na zilipopigwa upya kwa masharti ya mwanzo, tofauti ya waliopona haikuwa ya maana. Mwongozo wa Uingereza wa Oktoba 2021 unakataza kabisa mazoezi ya aina hiyo kutolewa kama tiba. Kwa hiyo kama fomu yako ina neno "mazoezi", uliza ni ya namna gani, na nani atayasimamisha ukianza kuanguka.

La tatu: kuna kundi la kulinganisha? Norway walijaribu dawa iitwayo rituximab kwa watu 30 wenye uchovu sugu. Katika 15 waliopewa dawa, 10 waliitikia, na katika 15 waliopewa maji ya chumvi, 2 tu. Watu walipagawa kwa matumaini. Jaribio kubwa la watu 151 lililochapishwa 2019 likaonyesha dawa haina faida. Usikasirike ukiambiwa huenda ukapata dripu isiyo na dawa. Bila hilo tungekuwa bado tunauza ng'ombe kununulia rituximab. Kwa jaribio lolote la dawa, fomu ionyeshe kibali cha kamati ya maadili, leseni ya NACOSTI, yaani tume ya taifa ya sayansi hapa Kenya, na idhini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Mradi wa kweli haukuchaji hata shilingi. Anayekuomba "ada ya usajili", mpe mgongo.

La nne ndilo watu husahau: siku hiyo itaniendeaje? Ukikaa Ahero na kliniki iko Kisian, utapanda boda, matatu, tena matatu, halafu foleni kwenye benchi. Utakapofika kwenye dodoso la maswali mia, umeshatumia nguvu za wiki. Omba usafiri, au waje nyumbani, au maswali yagawanywe kwa simu. Omba kitanda cha kulalia ukisubiri. Mimi niliwahi kugawa dodoso moja mara tatu kwa mama mjamzito na dunia haikuanguka. Msimamizi akikwambia haiwezekani, ni kwamba hajajaribu. Na waulize: mtanipigia siku ya pili na ya tatu? Kama hawapigi, wataandika ulivyoonekana ukiwa umejipodoa kliniki.

Kuna tafiti zinazohitaji uanguke. Amsterdam, waliwapandisha baiskeli watu 25 wenye korona ya muda mrefu, wakachukua vipande vidogo vya misuli kabla na baada. Majibu ya 2024 yalionyesha misuli ikiharibika zaidi kuliko ya watu wazima wa afya. Ni kazi ya thamani. Lakini baiskeli kama hiyo uikubali ukiwa umepata mtu wa kupika, kufua na kuchukua watoto shuleni kwa juma zima, na mradi ueleze nani analipia juma hilo.

Damu sasa. Najua maneno ya mtaani, nimeshafukuziwa mbwa kwa ajili yake. Waambie wakupe kiasi kwa vijiko: mililita 5 ni kijiko cha chai, 15 ni kijiko cha mezani. Jambo zito zaidi ni kituo cha mwisho cha hiyo damu. Kuihifadhi kwa tafiti za baadaye, au kuisafirisha nje ya nchi, kunatakiwa kuwe na sehemu yake ya kukubali au kukataa, na unaweza kukataa hiyo ukabaki kwenye mradi. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi wake, mtu asiye wa mradi.

Usitie sahihi siku hiyo hiyo kama kichwa kina ukungu. Nenda nayo nyumbani. Ukishaingia, waweza kutoka siku yoyote bila kutoa sababu na bila matibabu yako ya kawaida kuguswa. Sema tu, au mtume mtu aseme. Fomu huwa nakala mbili na moja ni yako. Iweke kwenye ile bahasha ya vipimo, na nambari ya kamati ya maadili iandike kwa kalamu nene mahali ambapo mtu wa nyumbani ataiona siku ambayo wewe huwezi hata kushika simu.