Kusaka chanjo ya ndigana kali kwa laptopu, na pale nilipochemka

Wakuu, ndigana huku Arusha kila mfugaji anaijua, kupe wa masikio kamuuma ndama, siku kumi hivi baadae tezi ya chini ya sikio imevimba, homa juu. Chanjo ipo, ile ya kumchoma ng'ombe sindano ya vijidudu hai pamoja na OTC (dawa ya antibayotiki), ila inatunzwa kwenye naitrojeni ya maji na kuifikisha Longido ndani ndani ni kasheshe. Ndo maana inasakwa ya protini, na mwanzo wa kazi unafanyika kwenye laptopu ya kawaida tu.

Jinomu (ramani ya jeni zote) ya Theileria parva, kijidudu cha ndigana, ilitoka 2005, jeni kama 4,000. Ingia PiroplasmaDB, tovuti ya data za vijidudu hivi, ushushe faili la protini zote, dogo, bando halitikisiki.

Pitisha SignalP, programu inayokuchagulia protini zinazotolewa nje ya seli, alafu BLAST (programu ya kulinganisha protini) na protini za ng'ombe, zinazofanana tupa ili kinga isije ikamgeukia ng'ombe mwenyewe. Nilifanya hivyo nikajiona mjanja, kumbe nimetupa Tp5 na Tp7, protini za kijidudu ambazo zinajulikana kabisa kuamsha seli T (chembe za kinga)! Tp7 ni Hsp90, karibu kila kiumbe anayo ya kwake inayofanana, lazima BLAST iikate.

Shida ni hii, antibodi zinakamata p67, protini ya juu ya kijidudu, kikiwa bado nje, kikishazama ndani ya chembe nyeupe, na ni dakika chache tu, hazikioni tena. Hapo zinatakiwa seli T za kuua, na zenyewe hazijali protini inaishi wapi, zinaangalia vipande vya amino asidi kama 9 vilivyoanikwa juu ya chembe.

Kwahiyo fanya njia mbili. SignalP iache kwa antibodi. Kwa seli T peleka zote 4,000 NetMHCpan, programu inayokisia vipande vipi vitaanikwa, chagua BoLA, molekuli za ng'ombe zinazoanika vipande (usisahau ukaacha za binadamu jamani), ranki ya asilimia chini ya 0.5 safi, mpaka 2 vumilia, alafu linganisha na ng'ombe vile vipande tu, sio protini nzima. Aleli (aina) nyingi za BoLA zimesomwa kwa ng'ombe wa kizungu, hivyo majibu yatamfaa zaidi Friesian wa bandani Moshi kuliko zebu wa Mmasai.

Ukimaliza tafuta Tp1, Tp2, Tp5 na Tp7, ambazo tayari zinajulikana kuamsha seli T, kwenye listi yako. Hazimo? Legeza kichujio urudie. Zikiwemo, zile za juu kama ishirini ndo umpelekee mtu wa maabara azijaribu kwenye damu ya ng'ombe aliyechanjwa.