Kutengeneza ubao wa kaiti nyumbani: kiini cha paina, faiba na kompresa ya friji

Ubao wa kaiti wa ncha mbili, ule wa kuteleza majini ukivutwa na tiara kubwa, unaojaa Paje na Jambiani, Zanzibar, wakati wa kaskazi na wa kusi, una vitu vinne tu ndani yake: kiini cha mbao, faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo) juu na chini, epoksi ya kuvishikanisha, na mkunjo unaotokana na kalibu. Ski za theluji huundwa kwa mpango huo huo, ila huongezewa kingo za chuma na soli ya plastiki. Ndiyo maana maelekezo ya mafundi wa ski wa nchi za baridi yanatufaa sana, mpaka yanapofika kwenye hali ya hewa. Wao hupasha karakana moto ili epoksi igande. Huku epoksi inaganda koponi kabla hujaigusa brashi, na mbao inashiba unyevu hata ikiwa ndani ya nyumba. Kazi yote inapangwa kwa kuyakwepa hayo mawili.

Kwa mpandaji wa kilo 65 hadi 80, chukua urefu wa sentimita 137, upana wa 41 katikati, kiini cha milimita 10 kati ya miguu na 5 kwenye ncha, na mkunjo, yaani kimo cha ncha kupita katikati, wa milimita 45. Aliyekaribia kilo 90 aongeze kiini kiwe milimita 12 katikati na 6 kwenye ncha.

Mbao

Paina inayoletwa kutoka Mafinga inafaa: nyepesi, imenyooka, inapatikana. Chagua isiyo na macho (vifundo), na ukatae yenye utomvu kwa sababu epoksi haishiki kwenye mafuta yake. Mvinje tunao tele lakini ni mzito mno na hupasuka. Msufi ni mwepesi kuliko paina, ila ni laini mno kwa ubao wa kwanza. Skrubu haina pa kung'ata.

Chana vipande vya upana wa milimita 25 na unene wa 13, virefu sentimita 145. Vinahitajika 17. Visimamishe ndani, chini ya dari, vikiachana ili hewa ipite. Chukua kipande kimoja, kipime kwenye mizani ya jikoni kila siku mbili. Uzito ukiacha kushuka kwa vipimo vitatu mfululizo, mbao imefika mwisho wa kukauka kwa hapo ilipo. Anayetaka zaidi aviweke juani ndani ya boksi la bati lenye matundu kwa siku chache, kisha aunganishe siku hiyo hiyo. Mbao ikifungwa na unyevu ndani, ubao ukianikwa juani mvuke utatafuta njia, na faiba itafumuka malengelenge.

Unganisha vipande ubavu kwa ubavu, ukigeuza duru za mti kwa kupishana ili bapa lisipinde. Tumia epoksi au gundi ya mbao iliyoandikwa kwamba inastahimili maji. Gundi nyeupe ya kawaida ya makabati inalainika ikilowa, na ubao huu utalowa, leo au mwakani.

Kupunguza unene ndiko kunakoamua ubao utakavyokuwa majini. Piga randa bapa zima lifike milimita 10. Sentimita 50 za katikati ziache hivyo, kisha shuka polepole kila upande hadi 5 kwenye ncha. Chora mstari ubavuni na upime kila sentimita 10, kushoto na kulia. Usione milimita moja ni kitu kidogo: ugumu wa mbao kukunjika hupanda kwa mchemraba wa unene, kwa hiyo ncha ya milimita 6 ni ngumu kwa takriban asilimia 70 kuliko ya 5. Ncha mbili zisipolingana, ubao utakuwa mzuri ukienda upande mmoja na mkaidi ukirudi.

Sasa kata umbo, lakini kiini kiwe kidogo kuliko ubao kwa milimita 8 kuzunguka. Nafasi hiyo inajazwa epoksi iliyokolezwa kwa unga wa mbao uliochekechwa na nyuzi fupi za faiba, ili ukingo uwe wa epoksi hiyo na maji yasikutane na mbao hata ukigonga jiwe. Laza kiini juu ya nailoni, zungushia ukuta wa plastiki uliovikwa utepe wa boksi, kisha mimina. Inahitajika kama gramu 250 za epoksi. Mimina kwa mikupuo miwili, maana ikikaa nyingi mahali pamoja huchemka, hutoa moshi na kupasuka. Ikiganda, piga msasa hadi ilingane na mbao.

Mahali pa pedi na mikanda ya miguu, toboa matundu ya milimita 25 na uzibe kwa vigingi vya mninga vilivyopakwa epoksi. Miguu huachana sentimita 50 hadi 55, kati kwa kati. Umbali wa skrubu za pedi upime kwenye pedi ulizonazo, watengenezaji hawakubaliani.

Kalibu

Kata mbavu tatu za plaiwudi ya milimita 18. Chora mstari wa chini kisha, kutoka katikati kwenda kila upande, weka alama za kimo: kwenye sentimita 10, milimita 1; kwenye 20, milimita 3.8; kwenye 30, milimita 8.6; kwenye 40, milimita 15.3; kwenye 50, milimita 24; kwenye 60, milimita 34.5; kwenye 68.5, milimita 45. Unganisha alama kwa ufito unaopinda sawasawa. Juu ya mbavu pigilia plaiwudi ya milimita 4, tabaka mbili kwa gundi, upate kitanda kilichobonyea katikati. Funika chote kwa utepe wa boksi, kwa sababu epoksi haiushiki. Ubao ukitoka, mkunjo hupungua milimita chache. Usiufidie mara ya kwanza.

Faiba na epoksi

Kuna jaribu la kununua mkeka wa faiba na rezini ya poliesta, vile vya kuzibia boti, kwa kuwa ni rahisi. Acha. Poliesta inashika mbao vibaya na ni rahisi kupasuka kwa kitu kinachokunjwa mara elfu. Mkeka nao umeshikanishwa kwa gundi inayoyeyushwa na stairini iliyomo ndani ya poliesta; kwenye epoksi unabaki mgumu na haulowi vizuri.

Tafuta kitambaa cha kufumwa cha gramu 400 kwa mita ya mraba. Kila upande tabaka mbili za sentimita 145 kwa 47: moja nyuzi zifuate urefu, nyingine ikatwe mshazari wa digrii 45. Hiyo ya mshazari ndiyo inayozuia ubao kujisokota. Faiba yote ni kama kilo 1.1. Nunua kilo 2 za epoksi na hadina (kigandishaji) yake, na uombe hadina ya kuganda polepole.

Pima kwa mizani, usikisie kwa macho. Kama kopo linasema 100 kwa 30 kwa uzito, mkupuo wa gramu 300 ni gramu 231 za epoksi na 69 za hadina. Kuongeza hadina ili iwahi kukauka ni kosa la waliozoea poliesta. Kwenye epoksi inabaki laini milele. Koroga dakika mbili, kwangua pembe za kopo, kisha mimina kwenye sinia pana. Ikibaki koponi joto linajilisha lenyewe.

Anza saa tisa alasiri, joto la mchana likishaanza kushuka. Mbao inayopoa hunywa epoksi. Mbao inayopata joto, kama ya saa mbili asubuhi, hutoa hewa na kuacha viputo chini ya faiba. Maliza kabla ya magharibi, maana unyevu hupanda usiku. Miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, ndiyo bora. Masika fanya useremala tu.

Mpangilio kutoka chini: nailoni, faiba mbili, kiini, faiba mbili, kitambaa cha bitana kisicho na ng'aro (kijaribu kwanza kwenye kipande cha faiba kama kinabanduka), nailoni yenye matundu ya sindano, blanketi kuukuu la kupitishia hewa, kisha mfuko wa nailoni nene uliozibwa kwa utepe wa mastiki. Lowesha faiba hadi ipoteze weupe, halafu kwangua ziada kwa kipande cha plastiki. Inayong'aa kwa dimbwi ni nzito tu, haina nguvu zaidi.

Kunyonya hewa

Kompresa ya friji bovu inatosha. Fundi wa friji atoe gesi kwanza. Friji nyingi za siku hizi zina R600a, ambayo inawaka. Bomba la kuvuta liende kwenye tangi dogo la chuma lenye geji na vali, ndipo mfuko. Bomba la kutema liingie kwenye chupa kwa sababu litatapika mafuta. Bila gesi ya kuipoza, kompresa hupata moto haraka: iendeshe dakika kumi, funga vali, ipumzike.

Jaribu mfuko mkavu kabla ya kuchanganya chochote. Geji ikishuka upesi vali ikiwa imefungwa, kuna tundu. Lisikilize, hupiga mluzi. Vali hiyo hiyo ndiyo kinga umeme wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, ukikatika.

Kwa mvuto wa asilimia 80, ubao wenye eneo la nusu mita ya mraba unabanwa kwa takriban tani 4. Viroba vya mchanga vinaweza kuukunja ubao, kwani kilo 50 zinatosha kwa hilo, lakini tani hizo havizifikii, na pembeni ndiko faiba itakapoachia kwanza. Dumisha mvuto kwa muda wa saa nane hadi kumi, uache kwenye kalibu saa 24.

Kumaliza

Kata ziada kwa jigiso yenye meno ya kukatia chuma, barakoa usoni. Vumbi la faiba halifai kifuani. Ukikuta utando wa mafuta juu ya epoksi, ni unyevu uliogusana na hadina. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sponji kabla ya msasa, la sivyo rangi itabanduka.

Matundu ya mapezi toboa milimita 10, jaza epoksi nzito, ikiganda toboa tena 6.5 kwa skrubu za M6. Kwenye vigingi vya mninga zamisha soketi za shaba za M6 kwa epoksi, kina cha milimita 7 tu. Mapezi yawe mafupi, sentimita 4 hivi. Marefu hunasa kamba za mwani maji yakipwa.

Paka rangi nyeupe. Epoksi iliyoganda bila kupashwa joto hulainika ikikaribia nyuzi 60, na ubao mweusi ulioachwa mchangani saa saba mchana hufika huko na kupoteza mkunjo.

Acha siku saba kabla ya kuingia majini. Weka ncha juu ya magogo mawili ya kimo cha sentimita 15, simama katikati na ushuke kwa magoti. Mlio mmoja mdogo wa epoksi ya ziada pembeni si neno. Mlio unaojirudia mahali pale pale ni faiba inayoachia. Gonga hapo kwa sarafu, na palipo na sauti ya utupu toboa tundu dogo, ingiza epoksi kwa sindano, bana usiku kucha. Tegemea uzito wa kilo 3 hadi 3.5, zaidi kidogo ya ubao wa dukani.