Jinsi ya Kutambua Umbo la Gartley kwa Vipimo vya Fibonacci

Umbo la Gartley, mchoro wa mwenendo wa bei kwenye chati ulioelezwa na Mmarekani H. M. Gartley mwaka 1935, lina nukta tano za kugeuka kwa bei, yaani X, A, B, C na D, ingawa uwiano wa Fibonacci, yaani asilimia kama 38.2 na 61.8 zinazotokana na mfuatano wa namba wa Fibonacci, uliongezwa na wachambuzi waliomfuata.

Tuseme euro imepanda dhidi ya dola kutoka 1.0800, ambayo ni X, hadi 1.1000, ambayo ni A. Chora kipimo cha Fibonacci kutoka X hadi A, kisha usubiri bei irudi nyuma kwa asilimia 61.8, karibu na 1.0876, ambapo ndipo B. Hapa ndipo panapohitaji ukali: B ikishuka hadi asilimia 78.6, hilo si Gartley tena, na huenda ni umbo jingine la aina hii liitwalo kipepeo. Nukta C hupanda kwa asilimia 38.2 hadi 88.6 ya mshuko wa AB, bila kuivuka A.

Nukta D, ambayo ndiyo ya kununulia, huangukia asilimia 78.6 ya XA, yaani 1.0843, ingawa binafsi singenunua kabla mshumaa wa kugeuka, yaani alama ya chati inayoonyesha bei ya kipindi kimoja ikianza kupanda tena, haujafungwa hapo. Agizo la kuzuia hasara huwekwa chini kidogo ya X, kwani bei ikipita hapo umbo limevunjika.