SOMO: Tovuti ya kurasa nne inayoingiza pesa, kwa mfano wa hema na viti hapa Kisumu

Wanachama, hamjambo. Somo hili mmenidai mpaka nikaanza kuona aibu. Leo nimefunga kazi mapema, basi tulimalize.

Kwanza mjue nilikotoka. Tovuti yangu ya kwanza ilikuwa ya kandanda. Nilinakili habari za Ligi Kuu ya Uingereza, nikageuza maneno mawili matatu, nikabandika matangazo ya AdSense, yale Google hukulipa ukiyaweka kwenye tovuti yako (hata sijui walinikubalije), na kukaa kusubiri dola. Miezi kumi na minne ikaniletea dola 11. AdSense haitoi pesa hadi ufikishe dola 100, kwa hiyo hizo 11 zilibaki kwenye skrini, nazitazama tu.

Ya pili nilianza baada ya kumwona shangazi yangu Ijumaa moja jioni, simu tatu mezani, anatafuta hema la mazishi ya kesho yake Ahero. Namba ya kwanza imezimwa. Ya pili jamaa yuko Busia. Wa tatu aliposikia sauti ya mtu aliyebanwa akaongeza bei palepale. Nikasema hapa kuna kazi. Tovuti ile, ya kuorodhesha wenye hema na viti vya kukodisha, ndiyo nitakayoitumia kama mfano, lakini wewe weka chako: mashine ya kutotolesha vifaranga, fundi wa friji, vyumba vya wanafunzi Maseno, miche ya parachichi.

HATUA YA 1: Tafuta kitu ambacho watu tayari wanakilipia

Kaa chini na karatasi. Andika vitu ambavyo watu wa mtaani kwako huvitafuta kwa kupigapiga simu huku wana haraka na pesa wanazo. Ukipata kimoja, inatosha. Ukiwa na viwili, acha kimoja. Ukijiambia utafungua tovuti ya "mambo yote ya Kisumu", rudi kwenye karatasi.

HATUA YA 2: Jina, na liwe lako

Jina linaloishia na .co.ke husajiliwa kupitia makampuni yaliyoidhinishwa na KeNIC, shirika linalosimamia majina ya .ke, na hulipiwa kila mwaka. Bei hutofautiana, kwa hiyo linganisha mawili matatu, na uulize bei ya mwaka wa pili pia, maana wengine hukupa mwaka wa kwanza kwa bei ya kukuvuta.

Hapa nisikilizeni vizuri. Sajili kwa barua pepe yako mwenyewe. Kuna fundi mmoja nilimpa kazi hiyo zamani, akasajili jina la biashara kwa barua pepe yake, mwaka ukaisha, simu yake haipatikani. Nilipoteza jina pamoja na kadi zote nilizokuwa nimechapisha.

HATUA YA 3: Kujenga bila kulipia seva

Wengi watakwambia utumie WordPress, programu ya kujengea tovuti, na ni nzuri sana, lakini ukiiweka mwenyewe utalipia seva, yaani kompyuta ya kukodi inayohifadhi tovuti. Kwa kuanzia mimi hutumia Blogger ya Google, ambayo ni ya bure, kisha naiunganisha na jina langu la .co.ke. Gharama yako inabaki ile ya jina tu.

Ingia kwenye mipangilio ya Blogger, sehemu ya kuchapisha, uandike jina lako likitanguliwa na www. Itakataa na kukuonyesha mistari miwili ya CNAME, yaani maelekezo ya jina lako. Usishtuke, ndivyo inavyofanya. Mstari wa kwanza unaelekeza www kwenda ghs.google.com, wa pili ni wako peke yako, wa kuthibitisha kwamba jina ni lako. Inakili yote miwili kwenye ukurasa wa DNS (unaoelekeza jina liende kwenye tovuti gani) wa waliokuuzia jina, subiri kidogo, kisha urudi kujaribu. Ikikubali, washa HTTPS papo hapo ili wateja wasione onyo la kwamba tovuti si salama.

Kurasa ni nne: mwanzo, bei, picha, na mahali tunapofika. Ukurasa wa "kutuhusu" unaweza kungoja.

HATUA YA 4: Kioo cha kwanza cha simu

Hapa ndipo pesa ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mteja wako yuko ndani ya matatu, ana bando la shilingi ishirini na betri imebaki kidogo. Kabla hajasukuma kidole, aone haya:

Hema la watu 100 na viti 100. Kisumu mjini: 7,500 kwa siku. Ahero: ongeza 1,500 ya usafiri. Tunasimamisha hema jioni ya kuamkia sherehe.

Hiyo ni bei ya mfano, weka yako. Chini yake weka vitufe viwili, kupiga simu na WhatsApp. Linki ya WhatsApp huandikwa hivi: wa.me/2547XXXXXXXX. Usianze na sifuri, usiweke alama ya kujumlisha, usiache nafasi katikati. Nimeona tovuti ya mtu ikikaa miezi mitatu na 07 kwenye linki, mwenyewe analalamika kwamba mtandao hauna wateja.

Usifiche bei. "Piga tuelewane" humfanya mtu ahisi atapimwa kwa macho kama yule shangazi yangu.

Picha inayotoka kwenye simu siku hizi hufika megabaiti nne au zaidi. Kabla ya kuipandisha, ipunguze upana hadi pikseli 1,200 kwa Squoosh, inafanya kazi ndani ya kivinjari na hailipishwi. Ikibaki chini ya kilobaiti 150, inafunguka hata kwa mtandao wa kubahatisha.

HATUA YA 5: Pesa inaingiaje

Ukiwa na hema zako, ni rahisi: tovuti inakuletea simu. Mimi sina hema hata moja. Nilianza kwa kukubaliana na wenye hema wanipe asilimia kumi ya kila mteja. Mpango huo ulikufa wiki ya tatu, kwa sababu mteja akishapata namba ya mwenye hema, safari ijayo hanihitaji, na mwenye hema naye "husahau". Nikabadilisha: kila mmoja hulipa 500 kwa mwezi kukaa kwenye orodha, kabla ya tarehe tano. Asiyelipa namtoa tarehe sita, bila maneno mengi. Sasa wako kumi na wawili, yaani shilingi 6,000. Si mshahara, lakini inalipa intaneti na kodi ya meza ninayofanyia kazi Kondele.

Pokea kwa namba ya Till ya Lipa na M-Pesa. Anayelipa huona jina la biashara badala ya jina la mtu asiyemjua, na hilo peke yake hupunguza maswali.

Matangazo ya AdSense yaje mwisho, ukishakuwa na wasomaji. Salio likifika dola 10 hukutumia PIN ya kuthibitisha anwani yako kwa posta, basi hakikisha sanduku la posta uliloandika linafunguliwa na mtu. Na usibofye matangazo yako mwenyewe wala kuwaomba binamu wabofye. Watakufungia akaunti.

HATUA YA 6: Google ikujue

Sajili tovuti kwenye Search Console, huduma ya bure ya Google kwa wenye tovuti, uipe ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zako. Kwa Blogger ni anwani yako ikifuatwa na /sitemap.xml. Basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Nakuru, Section 58): Mwalimu, nina saluni. Nahitaji tovuti kweli?

Jibu: Dada, kwa sasa hapana. Fungua kwanza wasifu wa biashara wa Google, ni bure, uonekane kwenye ramani na saa zako za kazi. Wateja wakianza kuuliza bei za mitindo mpaka unachoka kujibu, hapo utengeneze ukurasa mmoja wa bei.

Swali: Niandike kwa Kiswahili, Kiingereza au Dholuo?

Jibu: Angalia watu wanavyotafuta. Hapa mtu huzungumza Kiswahili na Dholuo siku nzima, lakini akifungua Google anaandika "tents and chairs Kisumu". Kichwa cha ukurasa kifuate hayo, maelezo ndani yawe kwa lugha ambayo wateja wako wanakupigia simu nayo. Yangu ni Kiswahili.

Swali (Kakamega): Nina miaka 17, niko kidato cha nne. AdSense watanikubali?

Jibu: Wanataka miaka 18. Mzazi anaweza kuomba kwa akaunti yake ya Google, na pesa zitaingia kwa jina lake, kwa hiyo muelewane mapema. Na mtihani kwanza, kijana.

Swali: Nimepiga picha nzuri za hema kwenye matanga. Naweza kuziweka?

Jibu: Ndugu, usiweke picha ya watu wakiwa msibani bila ruhusa ya familia. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini hata bila sheria, fikiria mjane akijiona kwenye tangazo lako. Fika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hema limeshasimamishwa, viti vimepangwa, hakuna mtu. Mwanga wa saa hiyo ni mzuri pia.

Swali: Fundi anataka 45,000 kunijengea. Ni ghali?

Jibu: Inategemea unachopewa. Muulize jina litasajiliwa kwa barua pepe ya nani, nenosiri utapewa lini, na mwaka wa pili utalipa nini na kwa nani. Akijikunakuna kichwa kwa lile la kwanza, ondoka.

Swali: Mteja anaweza kulipa ndani ya tovuti, ile ya kuingiza PIN ya M-Pesa tu?

Jibu: Inawezekana kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha tovuti na M-Pesa, lakini inahitaji seva yako na mtu wa kuandika programu. Kwa hema kumi kwa wiki, Till inatosha kabisa.

Swali: Nimefuata hatua zote, wiki mbili sasa, Google hainioni.

Jibu: Andika kwenye Google site: ikifuatiwa na anwani yako, bila nafasi katikati. Isipotokea kitu, rudi kwenye mipangilio ya Blogger, sehemu ya faragha, uone kama umeruhusu injini za utafutaji kuiona blogu. Wengi hukwama hapo. Ikiwa imeruhusiwa na bado, nitumie anwani, nitaiangalia usiku stima ikirudi.